Maji ya Kijani Hayatakaswi kwa Kuchemsha

Kiangazi kinapokaza, mabwawa na malambo hupungua kina, maji hutulia na kupata joto. Ndipo utando wa kijani huonekana pembezoni, mzito kama rangi iliyomwagwa. Mtekaji huusukuma kando kwa ndoo, akachota maji yaliyo chini yake na kwenda kuyachemsha. Kuchemsha ni desturi njema, kwa kuwa huua vimelea vya kipindupindu na homa ya matumbo. Kwa maji ya namna hii, hata hivyo, hakutoshi.

Utando huo aghalabu ni bakteria wa kijani-buluu, ambao kwa mazoea huitwa mwani. Hustawi katika maji yaliyotulia yenye rutuba ya samadi na mbolea iliyosombwa kutoka mashambani. Baadhi yao hutengeneza sumu iitwayo maikrosistini, ambayo hudhuru ini. Moto wa jikoni hauivunji sumu hiyo. Joto hupasua seli za mwani na kuiachia ndani ya maji.

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 1 kwa lita ya maji yanayonywewa kila siku. Mwaka 1996, mjini Caruaru, Brazili, wagonjwa wa figo zaidi ya 50 walifariki baada ya maji yenye sumu hiyo kutumika katika kusafisha damu yao. Hapa nchini, utafiti wa Ukerewe uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta maji ya Ziwa Victoria yakizidi kikomo hicho.

Njia mojawapo inayochunguzwa na wanasayansi ni kuitumia nguvu ya mwanga. Dioksidi ya titani, unga mweupe unaotiwa katika rangi za kuta, ni kichocheo kinachoamshwa na mwanga. Miale ya urujuanimno inapoupiga, elektroni zake huruka kutoka mahali pake. Kwa msaada wa maji na oksijeni huzaliwa chembe kali zinazoishi kufumba na kufumbua, na hizo huikatakata sumu. Kichocheo chenyewe hakiishi, hivyo kinaweza kutumika tena. Wajapani Fujishima na Honda walionesha uwezo wa dutu hiyo mwaka 1972, na mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Robert Gordon, Scotland, walithibitisha kwamba huiharibu maikrosistini.

Mbona basi haijafika majumbani? Urujuanimno ni takribani sehemu 5 tu kwa 100 za mwanga wa jua, na tope huuzuia usipenye. Unga nao ni lazima uchujwe baada ya kazi, ndiyo maana watafiti huugandisha juu ya vioo au punje. Kuanika chupa ya maji juani bila kichocheo huua vimelea, lakini sumu huipunguza polepole mno. Wala mtu asithubutu kutia rangi ya ukuta katika maji: ina kemikali nyingine zenye madhara.

Kwa sasa, kinga ya mkazi wa Kakese ni kuchagua chanzo. Maji ya bomba au ya kisima kirefu yatangulie. Pasipokuwa nayo, kichimbwe kisima kifupi hatua kadhaa kando ya bwawa, ili mchanga uyachuje maji, kisha yachemshwe. Maji yenye utando yasinywewe, yasipikiwe, na watoto wasiyaogelee. Mifugo inyweshwe kwenye birika mbali na bwawa, na samadi isirundikwe kwenye mteremko unaoelekea majini, kwani rutuba hiyo ndiyo chakula cha mwani.

Utando unapoonekana, au mifugo inapokufa ghafla baada ya kunywa, taarifa ipelekwe mapema kwa Afisa Mtendaji wa Kata au afisa afya, na chanzo hicho kiachwe hadi maji yapimwe.