Baridi Inayobebwa na Matone ya Nta

Katika visiwa vya Muleba, kama Goziba na Bumbire, sangara hasubiri. Akishatolewa ziwani anataka barafu, la sivyo atafika kiwandani ameshapoteza bei. Ndiyo maana boti zinazokwenda kukusanya samaki huondoka nchi kavu zimebeba barafu.

Nguvu ya barafu imo katika kuyeyuka kwake. Kilo 1 hunyonya kilojuli 334 hadi iyeyuke yote kuwa maji, na muda wote huo hubaki nyuzi 0. Joto hilohilo lingetosha kupasha kilo hiyo ya maji kutoka nyuzi 0 hadi 80!

Ila barafu huyeyuka kwenye nyuzi 0 tu, na pande gumu halipiti kwenye bomba. Kwa kazi zisizohitaji baridi kali hivyo, wataalamu wakaigeukia nta ya parafini, jamaa ya nta ya mishumaa. Aina iitwayo heksadekeni huyeyuka kwenye nyuzi 18 hivi, oktadekeni kwenye 28. Mtu huchagua kulingana na kazi yake. Nta huvunjwavunjwa ndani ya maji iwe matone madogo mno, kisha hutiwa kitu cha jamii ya sabuni kinachoyavika ngozi yasishikane. Kimiminika hicho cheupe, yaani emalsheni, hupita kwenye pampu. Taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani imeshatengeneza cha namna hiyo kwa ajili ya kupozea betri za magari ya umeme.

Kazi ngumu ni kukifanya kidumu, na hapo mama wa Buhembe, Bukoba, anayesukasuka maziwa anaelewa haraka. Maziwa nayo ni matone ya mafuta ndani ya maji. Yakilala, asubuhi malai yameelea juu, maana mafuta ni mepesi. Yakitiwa kwenye kibuyu yakasukwasukwa, matone hugongana, ngozi hupasuka, mafuta hushikana. Mlio wa ndani hubadilika, mkono unahisi uzito, siagi imejitenga.

Kwa mama huyo ni mavuno. Kwa mtambo wa kupoza ni hasara, kwa sababu pampu ni kibuyu kisichopumzika. Tena kila nta inapoganda, fuwele zake huweza kutoboa ngozi ya tone la jirani, na zikiyeyuka matone mawili huwa moja. Bomba huziba.

Dawa mojawapo ni kuyafanya matone yawe madogo zaidi, yasielee upesi. Lakini tone dogo sana hukataa kuganda kwa wakati wake. Hubaki kimiminika hata likipozwa nyuzi kadhaa chini ya kiwango chake cha kuganda, na umeme wa kulipoza unaongezeka.

Kwa sangara, barafu bado haina mpinzani: emalsheni yenye nta asilimia 30 hubeba kama kilojuli 60 kwa kilo katika kuyeyuka kwa nta yake. Mahali pake ni kwenye majengo na betri. Atakayeuziwa mtambo wa namna hiyo Bukoba aulize kwanza: emalsheni yake imeganda na kuyeyuka mara ngapi bila nta kujitenga?