Hodi Katika Theluji: Ibada za Majira ya Baridi za Akita, Japani, na Suala la Kuhifadhi Urithi wa Utamaduni Usioshikika

Utangulizi

Mkoa wa Akita uko kaskazini mwa Honshu, kisiwa kikuu cha Japani. Upande wa magharibi unatazama Bahari ya Japani, na upande wa mashariki unapakana na safu ya milima ya Ou. Kuanzia Desemba hadi Februari pepo baridi kutoka Siberia huvuka bahari hiyo, huchota mvuke njiani, na zinapofika milimani huumwaga kwa sura ya theluji juu ya mabonde yaliyo chini. Katika bonde la Yokote, theluji yenye kina cha zaidi ya mita 1 si jambo la kushangaza. Mashamba ya mpunga, yaliyo uti wa mgongo wa maisha ya vijijini huko, hulala chini ya theluji hiyo kwa miezi. Mkulima hana la kulima wala la kupalilia. Hii ndiyo sababu kalenda ya ibada ya Akita imejaa mahali palepale ambapo kalenda ya kazi ni tupu.

Makala haya yanafafanua baadhi ya ibada hizo, hasa Namahage wa rasi ya Oga na Kamakura ya mji wa Yokote. Hoja inayojengwa ni kwamba kiini cha ibada hizi hakimo katika kinyago, vazi wala kibanda cha theluji, bali katika makubaliano kati ya anayebisha hodi na anayefungua mlango. Sera ya uhifadhi isiyoyaona makubaliano hayo inaweza kufanikiwa katika kila kipimo ilichojiwekea na bado ikaipoteza ibada yenyewe.

Kwanza ni suala la tarehe, kwa kuwa limewapotosha wengi. Karibu ibada zote zinazojadiliwa hapa zilikuwa za Koshogatsu, yaani Mwaka Mpya Mdogo, ulioangukia tarehe 15 ya mwezi wa kwanza katika kalenda ya zamani iliyofuata mwandamo wa mwezi. Ulikuwa usiku wa mwezi mpevu, na mwanga wake uliakisiwa na theluji. Japani ilipoanza kutumia kalenda ya Kigregori tarehe 1 Januari 1873, ibada hizo zilitawanyika. Leo Namahage huja usiku wa tarehe 31 Desemba, ilhali Kamakura ya Yokote hufanyika katikati ya Februari. Anayeziona leo kama sikukuu mbalimbali zisizohusiana anaziona zikiwa zimekwisha kutenganishwa na sheria ya kalenda.

Namahage wa Oga

Jina Namahage hufafanuliwa na wengi kuwa limetokana na maneno mawili ya lahaja ya huko: *namomi*, yaani mabaka yanayotokea kwenye ngozi ya mtu aliyekaa mno karibu na moto, na kitenzi chenye maana ya kubandua. Namahage, basi, ni mbandua mabaka. Katika nchi ambamo kila mtu mwenye akili angependa kukaa mekoni majira yote ya baridi, mabaka hayo ni ushahidi wa uvivu ulioandikwa mwilini, na mgeni anayekuja na kisu kikubwa (siku hizi ni cha mbao) anakuja kuufuta.

Wanaume wa kitongoji huvaa vinyago na mavazi ya mabua ya mpunga yaitwayo *kede*, kisha huzunguka nyumba kwa nyumba. Huingia kwa ngurumo na vishindo, wakiuliza kama kuna mtoto mlizi, mtoto asiyewasikiliza wazazi, au mke mvivu. Watoto hulia na kujificha nyuma ya baba zao. Picha zinazosambazwa duniani huishia hapo, na kwa sababu hiyo Namahage hufahamika kama kitisho cha watoto na basi.

Kinachotangulia na kinachofuata ndicho chenye uzito zaidi. Kabla Namahage hawajaingia, mtangulizi asiyevaa kinyago hufika mlangoni na kuuliza kama nyumba hiyo iko tayari kuwapokea. Nyumba iliyofiwa katika mwaka huo hurukwa. Wakiruhusiwa, huingia. Katika kitongoji cha Shinzan hupiga miguu sakafuni mara saba kabla ya kuanza kuzunguka vyumba, mara tano kabla ya kuketi mezani, na mara tatu wanapoinuka kuondoka. Mwenye nyumba, akiwa amevaa rasmi, huwakaribisha kwa chakula na sake, yaani pombe ya mchele. Hapo huanza mahojiano: Namahage huuliza habari za mavuno, za wazee na za mwenendo wa watoto, baba huwatetea wanawe na kuahidi kwamba watajirekebisha. Namahage huitakia nyumba afya na mavuno mema, kisha huenda zao. Mabua yanayoanguka kutoka katika mavazi yao huhesabiwa kuwa ya heri.

Mtafiti anayeandika kwa Kiswahili hukutana hapa na tatizo la istilahi. Namahage ana pembe na meno, na kishawishi cha kumwita zimwi ni kikubwa. Lakini zimwi la ngano za Kiswahili hula watu, na hakuna mwenyeji anayeliandalia meza. Neno pepo halifai pia, kwa kuwa pepo hupungwa ili atoke, naye Namahage hualikwa ili aingie. Wataalamu wa Kijapani humweka katika kundi la *raihoshin*, miungu wanaozuru. Orikuchi Shinobu (1887–1953) alilijengea jambo hili nadharia ya *marebito*, mgeni adimu atokaye ng'ambo ya ulimwengu wa watu akileta baraka kwa msimu maalumu. Methali isemayo “mgeni njoo, mwenyeji apone” inaibeba nadharia hiyo kwa ufupi ambao maelezo marefu hayaufikii, na kwa hiyo istilahi “mungu mgeni” inapendekezwa hapa badala ya zimwi au pepo.

Kuhusu asili, simulizi inayopendwa zaidi ni ya Mfalme Wu wa nasaba ya Han ya China, anayesemekana kuja Oga na mashetani watano. Wanakijiji, wakiwa wamechoka kuporwa, waliwapa mashetani sharti la kujenga ngazi ya mawe 1,000 kwa usiku mmoja. Walipofikia jiwe la 999, mwanakijiji mmoja aliiga kuwika kwa jogoo, nao wakatoroka. Ngazi hizo huoneshwa hadi leo katika hekalu la Akagami. Ni hadithi tamu, lakini haielezi chochote kuhusu mabua, mabaka ya moto wala mahojiano. Ushahidi wa maandishi ni wa baadaye sana: msafiri Sugae Masumi (1754–1829) aliishuhudia ziara ya Namahage huko Oga mwaka 1811, akaiandika na kuichora.

Isisahaulike kwamba ibada hii ina upande mkali. Swali kuhusu mke mvivu lilimhusu mwanamke aliyeolewa kutoka kwingine na ambaye bado alikuwa mgeni nyumbani kwa mumewe. Mbele ya wakwe, watu waliofunika nyuso walimhoji juu ya kazi zake. Kuitukuza desturi yote bila kulitaja hilo ni kuandika nusu ya habari. Vilevile, zipo familia za leo zisizotaka watoto wao watishwe. Hata hivyo, kwa kuwa mlango hauingiwi bila ridhaa, familia hizo zinaweza kukataa bila kuivunja ibada. Kukataa kumo ndani ya utaratibu wenyewe.

Kamakura na uaguzi wa mavuno

Yokote iko ndani zaidi, mbali na bahari. Kamakura yake ni kibanda cha theluji chenye kimo cha takriban mita 3, chenye madhabahu ndogo ya mungu wa maji iliyochongwa katika ukuta wa nyuma. Watoto huketi ndani, huchoma *mochi*, yaani mabonge ya wali wa kunata uliotwangwa, na humwita kila apitaye aingie anywe *amazake*, kinywaji kitamu cha moto cha mchele uliochachushwa. Mgeni humtolea mungu wa maji sadaka, kisha hukaribishwa. Hapa mambo yamegeuka: Oga mgeni ni mungu na mwenyeji ni mtu mzima, Yokote wenyeji ni watoto na mgeni ni mpita njia yeyote. Lakini mlango ni uleule, na bila anayeingia kibanda ni rundo la theluji tu. Msanifu majengo Mjerumani Bruno Taut, aliyeizuru Yokote mwaka 1936, aliisifu katika maandishi yake na kuchangia sana kuifanya ijulikane.

Kibanda hicho ni muungano wa desturi zaidi ya moja: moto wa Mwaka Mpya uliowashwa katika mitaa ya samurai, ibada ya mungu wa maji iliyofanywa visimani katika mitaa ya wafanyabiashara, na mchezo wa watoto wa kuchimba mapango katika theluji. Kwingineko Akita neno kamakura halina uhusiano na kibanda. Huko Kakunodate, kamakura ni kuzungusha robota la mabua linalowaka, lililofungwa kwenye kamba, ili kufukuza maradhi na mikosi. Huko Rokugo ni mfululizo wa ibada zinazofikia kilele tarehe 15 Februari kwa pambano la mianzi mirefu kati ya upande wa kaskazini na wa kusini. Kaskazini wakishinda, mavuno yatakuwa mema. Kusini wakishinda, bei ya mchele itapanda. Uaguzi wa namna hiyohiyo hufanywa Kariwano tarehe 10 Februari kwa kuvutana kwa kamba za mabua zenye uzito wa tani kadhaa. Mkulima anayeuza mpunga hana namna ya kushindwa katika mashindano haya, na huenda ndiyo maana yamedumu.

Uhifadhi na kitu kinachohifadhiwa

Namahage wa Oga walitambuliwa na serikali ya Japani mwaka 1978 kuwa mali muhimu ya utamaduni usioshikika wa kijadi. Kabla ya hapo, mwaka 1964, lilianzishwa tamasha la Namahage Sedo katika hekalu la Shinzan. Tamasha hilo hufanyika Februari na linaunganisha ibada ya moto ya hekalu na maonyesho ya Namahage mbele ya watalii. Uzuri wake haukanushiki: wanashuka kutoka mlimani na mienge mikononi, theluji ikianguka. Lakini katika Sedo hakuna mlango. Hakuna wa kuulizwa kama nyumba imefiwa, wala baba wa kuwatetea wanawe. Kuna tiketi, jukwaa na kamera.

Katika ngazi ya kimataifa, Japani iliwasilisha Namahage kwa UNESCO peke yao, na mwaka 2011 maombi yalirudishwa kwa sababu ya kufanana na Toshidon wa kisiwa cha Koshikijima, aliyekuwa ameorodheshwa mwaka 2009. Mwaka 2018 ibada kumi za miungu wageni kutoka sehemu mbalimbali za Japani, Namahage na Toshidon wakiwamo, ziliingizwa pamoja katika Orodha Wakilishi. Uamuzi huo una mantiki ya kitaalamu. Washauri wa sera wa Afrika Mashariki, ambako Kenya, Uganda na Tanzania zimeridhia Mkataba uleule wa 2003, wana sababu ya kuangalia orodha iliyochaguliwa. Mila za Kaya za Wamijikenda ziliingizwa mwaka 2009 katika orodha ya pili, ile ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Orodha Wakilishi hutangaza. Orodha ya dharura hulazimu kueleza kinachotishia na kitakachofanywa. Namahage wako katika ile ya kwanza, ilhali hali yao inafanana kwa mengi na ya zile zilizo katika ya pili.

Tishio lenyewe halihitaji kutafutwa mbali. Akita ina sehemu kubwa zaidi ya wakazi wenye umri wa miaka 65 na kuendelea kuliko mkoa wowote wa Japani, na mwaka 2017 idadi ya wakazi wake ilishuka chini ya milioni 1. Zamani waliovaa vinyago walikuwa vijana wasiooa. Sasa ni wanaume wa makamo na hata wazee, wakisaidiwa na waliorudi likizo kutoka mijini. Upande wa pili wa mlango una upungufu wake: nyumba isiyo na mtoto haina wa kutetewa, na mjane anayeishi peke yake huona taabu kuandaa meza kwa ajili ya wageni wenye vishindo. Janga la UVIKO-19 lilipofika, vitongoji vingi viliacha kuzunguka, na baadhi viliishia kizingitini. Hatua iliyosimamishwa ni ileile ya kuingia.

Misaada ya umma hulipia kwa urahisi ukarabati wa vinyago na makumbusho. Jumba la Namahage huko Oga linaonyesha vinyago zaidi ya mia moja, vya mbao, vya gome na hata vya ungo, na kila kimoja kinatambulisha kitongoji chake. Ni hazina ya kweli kwa mtafiti. Lakini vazi la *kede* haliwekwi ghalani kwa miaka. Husukwa kwa mabua ya mavuno mapya, na mashine za kisasa za kuvuna hukatakata mabua palepale shambani. Kitongoji kinachotaka Namahage usiku wa tarehe 31 Desemba hulazimika kuamua tangu Septemba ni shamba la nani litakalovunwa kwa namna ya zamani, nani atayakausha mabua hayo, na wakati wa kusuka utakapofika, ni mikono gani iliyobaki inayojua kazi hiyo.