Ndugu wa Higgs na graviti isiyojali sheria

Haya wadau wa mji kasoro bahari, leo siasa tuziweke kando kidogo.

Tarehe 4 Julai 2012, CERN kule Geneva walitangaza kwamba wameipata chembe ya Higgs. Uzito wake ni kama protoni 133 hivi. Sasa wapo wanafizikia wanaosema Higgs hayuko peke yake, ana ndugu zake. Na mmoja wa hao ndugu, kama yupo kweli, anaweza kuwa ndiye ile maada ya giza tusiyoiona, ambayo ni kama mara 5 ya maada ya kawaida. Si mchezo!

Ila ili awe maada ya giza lazima asioze, adumu miaka bilioni 13.8 yote ya ulimwengu. Kwa hiyo wamemwekea sheria kwenye hesabu: yeye ana alama ya kutoa, chembe za kawaida zina ya kujumlisha, hivyo hawezi kugeuka kuwa hizo.

Tatizo ni graviti. Shimo jeusi likimeza chembe, kisha likayeyuka kama Hawking alivyoonyesha mwaka 1974, ile alama inapotea. Chaji ya umeme haipotei hivyo, maana nguvu yake inaonekana hata ukiwa nje ya shimo. Ndiyo maana wengi wanaamini graviti ya kwanta huvunja kila sheria isiyo na nguvu nyuma yake. Na uvunjaji mdogo tu unatosha kumwozesha ndugu yetu.

Sasa ongeza vipimo vya ziada. Mwaka 1998 Arkani-Hamed, Dimopoulos na Dvali walisema labda graviti ni kali, ila inaonekana dhaifu kwa sababu inasambaa kwenye vipimo tusivyoviona. Ni kama mto wa Uluguru: ukiwa huku chini utasema ni kijito, kumbe wakulima wa Mgeta wameshayagawa maji kwenye mifereji ya mboga. Lakini graviti ikiwa kali hivyo, na ile sheria inavunjwa vibaya zaidi. Ndugu anaoza hapo hapo.

Mpaka sasa mashine ya CERN haijaviona vipimo hivyo. Vipimo vya maabara vya 2020 navyo vilikuta kanuni ya Newton iko sawa hadi mikromita 52, wembamba wa unywele.

Kwa hiyo anayemtaka Higgs wa pili awe maada ya giza, aonyeshe kwanza sheria yake ni masalia ya nguvu gani. Wengine wanairuka hiyo hatua kimya kimya, mimi naona ni ujanja. Mwenye swali atupie hapo chini.