Unalipa Ushuru Mjini, Unaishi Kijijini: Baraza la Madiwani Linaamuaje?

Katika kipindi chetu cha asubuhi mama mmoja alitupigia simu akiwa njiani kuelekea gulioni. Huleta viazi mjini kila wiki na kila wiki hulipa ushuru, lakini choo cha soko kimejaa na kimefungwa. Alituuliza hivi: "Mimi siyo mkazi wa mji. Diwani wa pale sikumpigia kura mimi. Sasa hilo neno langu nimpelekee nani?"

Siku ile muda wa kipindi haukutosha kumjibu sawasawa. Tumeahidi kuandika, na makala hii ndiyo jibu letu. Tunaamini wapo wengi wenye swali kama lake, maana hapa Nyanda za Juu Kusini miji kama Makambako, Njombe, Mafinga na Tunduma hulishwa na vijiji vinavyoizunguka.

Halmashauri ya mji ni nani hasa?

Watu wengi wakisema "halmashauri" wanamaanisha ofisi: mkurugenzi, maafisa na watoza ushuru. Hao ni watendaji. Wenye kuamua ni Baraza la Madiwani. Ndani yake wamo madiwani waliochaguliwa na kata, madiwani wanawake wa viti maalumu, na mbunge wa jimbo. Katika halmashauri ya mji madiwani humchagua mmoja wao kuwa mwenyekiti. Mji ukipanda na kuwa manispaa au jiji, huyo huitwa meya. Mkurugenzi hukaa pale kama katibu wa Baraza. Anaandaa, anashauri na anatekeleza, lakini hapigi kura.

Mamlaka za miji zinaongozwa na Sheria Na. 8 ya mwaka 1982, na zile za wilaya na vijiji vyake zina Sheria Na. 7 ya mwaka huohuo. Masuala ya fedha na ushuru yamo katika Sheria Na. 9, nayo ni ya 1982. Zote zimefanyiwa marekebisho mara nyingi, ila namba hizo ndizo utakazozikuta kwenye makaratasi mengi ya halmashauri.

Safari ya choo cha soko

Tuchukue hicho choo cha mama yetu tuone kinapita wapi hadi kijengwe.

Kwa kawaida jambo huanzia chini, kwenye mkutano wa mtaa, au mkutano mkuu wa kijiji kama eneo lile bado lina vijiji. Likikubaliwa pale linakwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mwenyekiti wa kamati hiyo ni diwani, katibu ni mtendaji wa kata, na wenyeviti wa mitaa au vijiji ni wajumbe. Kutoka hapo linakwenda makao makuu ya halmashauri, ambako wakuu wa idara hulipima: ramani ipo, eneo lipo, gharama ni kiasi gani?

Kisha linaingia kwenye kamati za kudumu za madiwani. Ipo inayoshughulikia huduma za jamii, ipo ya ujenzi, mipango miji na mazingira, na ipo Kamati ya Fedha, ambayo hukutana kila mwezi. Huko ndiko madiwani wanakobishana kwa kirefu. Baraza lenyewe kwa kawaida hukutana mara moja kila miezi mitatu, na likifika siku hiyo mambo mengi huwa yameshachambuliwa. Ndiyo maana mtu anayekwenda kushuhudia Baraza mara ya kwanza hushangaa kuona jambo zito linapita kwa dakika tano. Siyo kwamba wamelipuuza, walishalimaliza kwenye kamati wiki kadhaa nyuma.

Kwa hiyo anayesubiri siku ya Baraza ili asikike huwa amechelewa.

Neno moja la kulijua: "yatokanayo"

Kila kikao, kuanzia kijiji hadi Baraza, kina muhtasari. Kikao kinachofuata husoma muhtasari wa kilichopita, kisha wajumbe hupitia "yatokanayo", yaani yale yaliyoagizwa safari iliyopita na yalikofikia. Jambo likiandikwa kwenye muhtasari, mtendaji atatakiwa kulitolea maelezo kikao kijacho. Kama halikuandikwa, hata kama lilisemwa kwa sauti kubwa na watu wakapiga makofi, hakuna mtu wa kuulizwa.

Tumehudhuria mikutano mingi ya vijiji kwa kazi hii ya redio. Mara nyingi mwananchi husimama, husema kwa uchungu, hupigiwa makofi, hukaa. Wachache sana huuliza: "Katibu, umeliandika?" Tunakuomba wewe uulize hivyo. Ni swali la heshima tu, na mtendaji yeyote analielewa.

Kalenda ya fedha

Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai na kuisha 30 Juni. Baraza hupitisha bajeti ya halmashauri katika miezi ya mwanzo ya mwaka, kabla haijapanda mkoani, TAMISEMI na hatimaye bungeni. Ukipeleka ombi la choo mwezi wa nne, bajeti inayokuja imeshafungwa. Diwani anaweza kukuahidi kwa moyo safi na bado fedha isiwepo hadi mwaka mwingine. Wakati mzuri wa kusukuma jambo linalohitaji fedha ni baada ya mavuno, kabla ya mvua kubwa, wakati vijiji, mitaa na kata zinapanga vipaumbele.

Ushuru unatoka wapi?

Hapa ndipo mkulima anapoumia au kunusurika, tukae hapa kidogo.

Kiwango cha ushuru wa soko, ada ya stendi au tozo ya taka hakipangwi na mtoza ushuru. Kinawekwa na sheria ndogo. Halmashauri ikitaka kutunga au kubadili sheria ndogo, lazima kwanza iwatangazie wananchi watakaoguswa, ili wenye maoni au pingamizi waseme. Baada ya hapo Baraza hupitisha, Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa huidhinisha, na sheria hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Ukiambiwa asubuhi moja kwamba ushuru umepanda, uliza kwa upole: "Ni kwa sheria ndogo ipi?" Kama imepita njia hiyo, nakala yake ipo.

Tangazo lile la kukaribisha maoni huwa ni karatasi tu iliyobandikwa ubaoni, ofisi ya kata au sokoni, na watu hupita bila kulisoma. Ukiliona, lipige picha kwa simu, litume kwenye kundi la wenzako, mwandike maoni yenu kwa pamoja na kuyapeleka kwa mkurugenzi. Mama wa viazi naye anaguswa, hata kama analala kijijini.

Tenganisha pia aina mbili za ushuru ambazo watu huzichanganya.

Ushuru wa soko ni malipo ya kutumia eneo la soko. Huo anaulipa aliyeweka bidhaa yake pale.

Ushuru wa mazao ni mwingine. Huo hulipwa na mnunuzi wa mazao, siyo mkulima anayeuza. Mwaka 2017 Serikali ilishusha kiwango chake cha juu kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3. Mwaka huohuo ikaelekezwa kwamba anayesafirisha mazao yasiyozidi tani 1 kutoka halmashauri moja kwenda nyingine asitozwe ushuru huo. Tani 1 ni magunia kumi ya kilo mia moja moja. Ukiwa na magunia yako matatu ya maharage kwenye bodaboda au Noah na ukasimamishwa getini, ni vizuri uwe unalijua hilo kabla hujafungua pochi.

Na kila unacholipa, dai risiti ya mashine. Malipo makubwa, kama leseni ya biashara au kibanda, hulipwa kwa namba ya malipo kupitia benki au simu. Pesa ya mkononi isiyo na risiti haihesabiwi kwenye mapato ya halmashauri, na isipohesabiwa haiwezi kujenga choo.

Faida nyingine ya mapato hayo: sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba. Asilimia 4 ni ya vikundi vya wanawake, 4 vya vijana na 2 vya watu wenye ulemavu. Kikundi cha kijijini huomba kwenye halmashauri yake, kuanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Siyo kila mlango ni wa diwani

Simu nyingi tunazopokea humlaumu diwani kwa mambo yasiyo mikononi mwake. Barabara za vijijini na mitaani ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017. Barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS. Maji ya vijijini ni RUWASA, na mijini kuna mamlaka za maji. Diwani anaweza kuwabana hao kwa maswali kwenye Baraza, lakini hana greda wala bomba la kukupa.

Vilivyo vya halmashauri moja kwa moja ni masoko, stendi, machinjio, taka, vibali vya ujenzi, leseni za biashara, na majengo ya zahanati na shule zake. Huko ndiko unakoweza kumbana diwani hasa.

Mama wa viazi afanyeje?

Tulirudi kwake kwa simu tukamwambia haya. Kwanza, wauzaji wa gulio waende pamoja kwa uongozi wa soko, wakiwa na risiti zao, na waombe choo kiingizwe kwenye ajenda ya Kamati ya Maendeleo ya Kata ile. Risiti inaonyesha kwamba wao ni wachangiaji. Pili, wamwone diwani wa kata yenye soko. Kwenye mkutano wa Baraza kila diwani huwasilisha taarifa ya kata yake, na choo kinaweza kuandikwa humo. Tatu, amwambie pia diwani wa kata yake kule kijijini, kwa kuwa halmashauri jirani huandikiana.

Na akitaka kujionea mwenyewe, mikutano ya Baraza ni ya wazi. Mwananchi anaruhusiwa kuingia na kusikiliza, isipokuwa pale Baraza linapokaa kama kamati. Hataruhusiwa kuzungumza, lakini diwani akijua mpiga kura, au mlipa ushuru, amekaa nyuma anasikiliza, hujipanga zaidi.

Alicheka, akasema kuingia ukumbini na gunia la viazi ni aibu. Kisha akauliza uongozi wa soko unakaa siku gani. Tulimwambia aanze na hilo, na akifika, asiondoke kabla ya kuuliza kama wameliandika.

Nawe kama kuna jambo la halmashauri linalokusumbua na hujui mlango wake, tutumie ujumbe kama kawaida. Tutalifuatilia na kulijibu hewani.