Bei ya Kipande Isikubabaishe

Mtu anayeanza kuwekeza kwenye mifuko ya pamoja huwahi kuuliza: mfuko gani vipande vyake ni bei rahisi? Anauliza kwa nia njema, maana akili yetu imezoea kutafuta nafuu sokoni. Lakini hapa swali hilo humpoteza, na nimeona watu wakichagua mfuko kwa sababu hiyo tu.

Mfuko hukusanya fedha za wengi, wakubwa kwa wadogo. Meneja wa mfuko huzitumia kununua hatifungani na dhamana za Serikali, hisa za kampuni, au huziweka benki kama amana za muda maalumu. Mali hiyo yote hugawanywa katika vipande, nawe unamiliki vile ulivyonunua. Thamani halisi ya kipande hupatikana kwa kujumlisha mali za mfuko kwa bei za siku hiyo, kutoa gharama na madeni, kisha kugawa kwa idadi ya vipande vyote.

Sasa chukua mfano wa shilingi milioni moja. Kwenye mfuko ambao kipande ni shilingi 200, unapata vipande 5,000. Kwenye mfuko wa shilingi 1,000 kwa kipande, unapata 1,000 tu. Thamani ikipanda asilimia 12 kwa mifuko yote miwili, kokote ulikoweka utakuwa na 1,120,000. Wingi wa vipande haujakuongezea hata senti. Bei kubwa mara nyingi huonyesha tu kwamba mfuko una umri na faida yake imekuwa ikibaki ndani, kama ilivyo kwa Mfuko wa Umoja, uliofungua njia Tanzania mwaka 2005 na leo uko chini ya UTT AMIS, kampuni inayosimamia mifuko.

Mifuko mingine hutoa gawio, yaani sehemu ya faida hulipwa mwekezaji mkononi. Mfuko wa Jikimu uliundwa kwa ajili hiyo. Gawio likishatoka, thamani ya kipande hushuka kwa kiasi hichohicho. Asiyejua huona hasara pasipo na hasara.

Linganisha mifuko kwa asilimia ya ukuaji, tena ya miaka kadhaa, na uangalie fedha zimewekwa wapi. Mfuko wenye hisa nyingi hupanda na kushuka zaidi ya ule wa hatifungani. Faida ya mwaka jana si ahadi, na anayekuahidi faida isiyotetereka muulize kibali chake cha Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Muulize pia benki gani inatunza mali za mfuko, kwa sababu meneja huamua tu kinunuliwe nini. Kuzitunza ni kazi ya mwangalizi aliye kando naye.

Fedha zinakowekwa na nani anazitunza utavikuta kwenye waraka wa toleo wa mfuko, usome kabla ya kulipa. Humo ndimo utakapokuta pia gharama ya kujitoa. Kwa Umoja ni asilimia moja: ukiuza vipande vya milioni moja, 10,000 inakatwa. Mfuko wa Ukwasi hauna gharama hiyo, na umeundwa kwa fedha zitakazohitajika karibuni. Karo ya Januari iliyopatikana Novemba ikae huko, si kwenye mfuko wa hisa.