Nyumba Yetu ya Funu

Wengi wenu mlizaliwa tambarare, penye joto na mashamba ya mpunga, kama hapa Luberizi tunapokaa sasa. Sisi tulizaliwa mlimani, mwaka 1949. Siku zile mji wetu uliitwa Costermansville, kwa jina la mkubwa mmoja wa Wabelgiji. Wazee wetu Washi hawakulijali jina hilo. Waliendelea kusema Bukavu, na baada ya miaka michache serikali nayo ikasema Bukavu.

Asiyeufahamu mji huo na anyoshe mkono wake, autie vidole ndani ya beseni la maji. Ndivyo Bukavu ulivyo: vidole vitano vya nchi vimeingia katika ziwa Kivu, na kiganja ni vilima, mita 1,500 hivi juu ya bahari. Wazungu walijenga kwenye vidole, Muhumba, Nguba na vinginevyo, penye bustani na upepo wa ziwa. Waafrika tulipewa mteremko wa Kadutu, na usiku mtu mweusi hakupita katika mitaa ya Wazungu pasipo karatasi. Baba yetu alikuwa seremala. Alitelemka kabla ya jua kutoka, akapanda tena jioni, na jambo la kwanza alilofanya, hata kabla ya kuvua viatu, ni kutazama ukuta.

Maana nyumba yetu ilikuwa upande wa Funu, nayo ilitembea.

Msicheke. Ilikuwa nyumba ya matofali mabichi, vyumba vitatu. Kila majira ya mvua, toka Septemba mpaka Mei, nyufa zilifunguka ukutani kama mikunjo usoni mwa mzee. Baba alikanda udongo akaziba. Mlango wa jikoni ulikataa kufungwa. Akaupunguza kwa randa. Mwaka wa pili ukakataa tena. Maharagwe yakimwagika sakafuni yaliviringika yote upande mmoja, nasi watoto tulishindana kuyadaka kizingitini. Tulidhani nyumba zote duniani ni hivyo.

Baba alikuwa na desturi yake. Palipoishia ufa alipiga msumari mdogo, na kando yake akaandika mwaka kwa kalamu ya seremala. Ufa ukipita msumari, alipiga mwingine mbele. Siku moja Mama alimwuliza, “Baba wa watoto, misumari hiyo itauzuia mlima?” Akajibu, “Haitauzuia, Mama. Lakini mlima ujue kwamba tunauona.” Mama alinyamaza, akaendelea kuchagua mboga za lengalenga.

Tusiseme ya huzuni tu. Tuliamka katika ukungu mweupe, ziwa halionekani kabisa, kisha jua likaufunua kidogo kidogo, na mwisho milima ya Rwanda ng’ambo ya pili. Baridi ya Julai ilitufanya tulale watatu katika blanketi moja. Jumapili tulitelemka kwa miguu kanisani, viatu mikononi, tukavivaa karibu na mlango ili visichafuke kwa tope. Ni nani katika Kadutu ambaye hakufanya hivyo?

Na samaki je? Vijana wa leo wanadhani sambaza wamekuwa Kivu tangu kuumbwa kwa dunia. Hapana. Ziwa hili lilikuwa na aina chache sana za samaki. Zamani sana maji yake yalikwenda kaskazini, kwenye Nili. Milima ya moto ya Virunga ikaziba njia, na maji yakatafuta mlango wa kusini, ndio mto Ruzizi. Karibu na mwaka 1959 wataalamu walichukua samaki wadogo katika ziwa Tanganyika wakawapandisha na kuwatia Kivu. Miaka mingi ikapita kabla wavuvi hawajazoea kuwavua usiku kwa taa. Basi tulipokuwa watoto hatukujua ladha ya sambaza. Tulikula maharagwe, sombe na bugali, na samaki alikuwa wa sikukuu.

Mwaka 1967 ndio uliotutoa mlimani. Mwezi wa Agosti askari wa kukodiwa wa Schramme waliingia Bukavu, wakakaa humo mpaka mwanzo wa Novemba, walipovuka kwenda Rwanda. Watu walikimbia kila upande. Sisi tulishika njia ya Nyangezi, tukatelemka Ngomo, mlima ule wa kona nyingi na magenge marefu, Mama amebeba sufuria kichwani na Baba amebeba sanduku la randa na misumari. Tuliposhuka Kamanyola joto lilitupiga usoni kama mlango wa tanuru. Wenzetu walirudi Desemba. Sisi tulikwisha kupata mchumba hapa bondeni, nasi hatukurudi ila kwa kuamkia.

Baba alikufa, Mama akamfuata, na nyumba ikabaki kwa ndugu yetu mdogo. Mji umejaa sasa. Watu wake wamepita milioni moja. Palipokuwa na mashamba na miti pamejengwa paa juu ya paa, na mvua ya paa zote hizo haina pa kwenda ila ndani ya udongo uleule. Mwaka 2022 wataalamu walitangaza uchunguzi wao juu ya Funu. Walilinganisha picha zilizopigwa angani kwa muda wa miaka 70 hivi, wakaona kwamba mteremko wote, pamoja na makumi ya maelfu ya watu wake, unateleza polepole, na mahali pengine unasogea mita kadhaa kwa mwaka. Wakaona tena kwamba ujenzi wa mji wenyewe umegeuza njia za maji na kuuharakisha mlima mahali pengine. Mjukuu wetu alitusomea habari hiyo. Tulimkumbuka Baba na kalamu yake. Hakusoma kupita darasa la nne.

Mara ya mwisho tulipopanda ilikuwa 2023. Chumba tulichozaliwa hakipo tena. Ukuta wake ulianguka, na ndugu yetu amejenga kwa mbao, kwa maana mbao hukubali kupinda. Bomba la jirani lilikuwa limekatika kama mua. Tulimwambia, “Ndugu, njoo Luberizi, kiwanja kipo.” Akatutazama kwa upole. “Dada mkubwa, huko nitafanya kazi gani? Wateja wangu wapo hapa. Na hapa hata nikiuza, nani atanunua ufa?” Hatukuwa na jibu. Tulimwachia fedha kidogo za kununua mifereji ya paa na pipa la kuzuia maji.

Februari 2025, wapiganaji wa M23 walipoingia Bukavu, siku kadhaa hatukusikia sauti yake. Alipopatikana katika simu hatukumwuliza habari za vita kwanza. Tulimwuliza juu ya ukuta wa jikoni, ule pekee wa matofali ya Baba uliobaki. Alisema ufa umepita msumari wa mwisho, na kwamba amepiga mwingine mbele yake, kiasi cha vidole vinne.