Udalali wa Nyumba Huko Texas: Leseni Siyo Ajira

Katika vikao vyetu vya matawi tumekuwa tukiulizwa swali moja mara nyingi. Ndugu wa mwanachama amehamia Marekani, anafanya kazi ya zamu kwenye ghala au kiwanda cha nyama, na sasa ameambiwa kwamba akipata leseni ya kuuza nyumba ataachana na zamu za usiku. Je, ni kweli? Afanye nini ili aipate?

Kwanza yafaa tuelewe kwamba Marekani haina leseni moja ya nchi nzima kwa kazi hii. Kila jimbo lina sheria yake, na leseni ya jimbo moja haimruhusu mtu kwenda kufanya udalali jimbo jingine vivi hivi. Sisi tumechagua Texas, kwa sababu wapo wasemaji wengi wa Kiswahili huko, hasa ndugu waliotoka Kongo wakapokelewa kama wakimbizi. Jimbo hilo lilitunga sheria ya kuwapa madalali leseni mwaka 1939, na tume inayowasimamia iliundwa mwaka 1949.

Mwombaji lazima awe ametimiza umri wa miaka 18, na awe raia wa Marekani au mgeni aliyeingia nchini kihalali. Kwa hiyo mkimbizi aliyepokelewa kisheria hazuiwi. Kisha anatakiwa kusoma saa 180 katika chuo kilichokubaliwa na tume, yaani masomo 6 ya saa 30 kila moja: misingi ya kazi sehemu mbili, sheria ya uwakala, sheria ya mikataba, fomu rasmi za mikataba, na mambo ya mikopo ya nyumba. Mfanyakazi anayetoka zamu akasoma saa 2 kila siku, siku 5 kwa wiki, atamaliza kwa wiki 18. Hiyo ni zaidi ya miezi minne, na ni kama hakuugua wala hakupangiwa zamu za ziada. Kabla ya kulipa ada ahakikishe chuo kimo katika orodha ya tume, maana saa za chuo kisichotambuliwa hazihesabiwi.

Baada ya hapo huchukuliwa alama za vidole na kupekuliwa kama ana makosa ya jinai. Hapa tungependa kusisitiza jambo ambalo wengi hulisikia wakiwa wamechelewa. Mtu aliyewahi kutiwa hatiani anaweza kuiomba tume itoe uamuzi juu ya sifa zake mapema, kabla hajatumia fedha za masomo. Ni bora kulipa ada ya ombi hilo kuliko kumaliza saa 180 kisha ukakataliwa mlangoni.

Mtihani una sehemu mbili, moja ya mambo ya nchi nzima na nyingine ya sheria za Texas, na hufanywa kwa Kiingereza. Anayeshindwa mara 3 hurudishwa darasani, saa 30 kwa sehemu moja aliyoshindwa, au saa 60 akiwa ameshindwa zote mbili.

Akifaulu, bado hawezi kufanya kazi. Wakala mpya wa mauzo hupewa leseni iliyolala mpaka apate dalali mkuu wa kumdhamini. Dalali mkuu ni mtu mwenye leseni ya juu zaidi, ambayo hudai uzoefu wa miaka 4. Wakala hapokei ujira mkononi mwa mteja. Fedha zote hupitia kwa dalali mkuu. Akiachana naye, leseni hulala tena hadi apate mwingine. Na katika miaka 2 ya kwanza lazima aongeze masomo mpaka jumla ya saa 270, pamoja na saa 8 za kupata habari mpya za sheria.

Sasa tuje kwenye jambo linalotuhusu sisi watu wa vyama vya wafanyakazi. Huyu aliye chini ya dalali mkuu, ni mfanyakazi wake? Sheria ya kodi ya Marekani ya mwaka 1982 inasema siyo, ikiwa ana leseni, analipwa kwa mauzo na wala si kwa saa, na ana mkataba wa maandishi unaosema hivyo. Maana yake hakuna mshahara wa mwezi, hakuna kima cha chini, hakuna likizo ya malipo. Sheria ya mwaka 1935 inayolinda haki ya kuunda chama haimhusu mtu anayejitegemea.

Tufanye hesabu ya mfano tu, kwa sababu hakuna sheria inayopanga kiwango cha kamisheni. Nyumba imeuzwa dola 300,000, na upande wa wakala umepata asilimia 3, yaani dola 9,000. Dalali mkuu akichukua asilimia 30, zinabaki 6,300. Toa petroli, ada za vyama na matangazo, tuseme 800. Katika 5,500 zilizobaki, kodi ya hifadhi ya jamii na matibabu ya uzeeni ni zaidi ya dola 770, kwa sababu anayejitegemea hulipa fungu lake na lile ambalo mwajiri angelilipa. Kodi ya mapato bado. Na pengine ndiyo nyumba pekee aliyouza kwa miezi mitatu.

Tangu Agosti 2024 wakala wa mnunuzi kwa kawaida hutakiwa kuwa na mkataba wa maandishi na mteja kabla ya kumtembeza nyumba, na ujira wake hautangazwi tena katika orodha za pamoja za madalali. Lazima aombe mwenyewe, tena kwa jamaa anayemwita shemeji au mjomba.

Wapo wanaofanya biashara hii bila karatasi, wakipokea "chai" kwa kuwaunganisha wageni na wenye nyumba. Texas hilo ni kosa la jinai, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha mwaka mmoja na faini ya dola 4,000. Anayeuza nyumba yake mwenyewe hahitaji leseni, wala msimamizi anayekaa kwenye jengo la wapangaji na kulihudumia.

Wanachama wenye ndugu wanaojiandaa kwa masomo haya wawaambie wasiache zamu zao siku ya kupata leseni. Na mkataba wa dalali mkuu usomwe kabla ya kutia sahihi, hasa vifungu vya mgawanyo wa kamisheni, ada za kila mwezi, na nani atalipwa kwa nyumba iliyoanzwa kushughulikiwa kabla wakala hajaondoka.